Kila Kitu Kina Kwao

Jumatatu, 3 Machi

Habari kubwa! Habari ya ukurasa wa kwanza! Nimetoka mkutano wa walezi nikikimbia, kiatu kimoja hakijafungwa kamba.

Bibi Afisa, yule wa halmashauri anayesimamia vituo vya watoto wadogo, ametangaza kwamba kata yetu inaletewa vifaa vya malezi. Vitabu vya picha. Vikaragosi vya kuvaa mkononi. Matofali ya mbao yasiyo na alama za meno. Farasi wa kubembea! Vyote vitakaa kituo kimoja, na vituo vingine viwe vinakuja kuazima. Kituo gani? Atachagua mwenyewe Ijumaa, kwenye maonyesho ya walezi katika ukumbi wa kata. Kila kituo kije na meza yake na watoto wake.

Lazima vije kwetu. Sisemi kwa tamaa. (Kidogo kwa tamaa.) Kituo chetu ni cha shangazi yangu, mimi ni mlezi tu, na kimebakiwa na gari lenye magurudumu upande mmoja, linazunguka pale pale, pamoja na mwanasesere asiye na kichwa ambaye watoto humwamkia kila asubuhi kwa heshima zote. Wazazi wanahamisha watoto. Chumba cha nyuma ni kitupu, ukikohoa kinakujibu. Shangazi kasema wazi kwamba tusipopata vifaa hivi, mwisho wa mwezi anafunga mlango. Nikamuuliza, na mimi je? Akasema mimi ni mtu mzima, nina mikono. Nikaitazama hiyo mikono. Haijui kazi nyingine ila kubembeleza watoto walale, na hata hapo wa kwanza kusinzia huwa ni mimi.

Watoto wanaohama wanakwenda wapi? Ng'ambo ya barabara, kwa Mama Vikapu. Adui! Kila kitu chake kina kikapu, na kila kikapu kina picha. Kikapu cha picha ya gari, ndani magari. Kikapu cha picha ya kiatu, ndani viatu. Tena anatabasamu saa zote. Mtu anayelea watoto ishirini halafu anatabasamu saa zote ana lake jambo.

Lakini Mama Vikapu hana gazeti. Mimi ninalo! Ni mhariri mkuu, mwandishi, mchoraji na mbandikaji wa Mlezi Macho, jarida la habari na nyenzo kwa walezi wa kata hii. Ukurasa mmoja, mbele na nyuma. Hutoka ninapopata karatasi. Shangazi anasema linafaa sana kufungia vitumbua vya watu wengine. Wacha aseme. Kalamu hii itamwokoa.

Jumanne, 4 Machi

Toleo maalumu limetoka! Tetekuwanga imeingia vituo vya mtaa wa juu, walezi kagueni migongo. Semina ya huduma ya kwanza imeahirishwa kwa sababu mkufunzi ameteguka mguu na hakujua la kufanya. Mlezi wa karibu na kiwanda cha sabuni amejifungua mapacha, anasema sasa ndiyo ameanza kazi. Na katikati, kwa herufi nene: WATAALAMU WAONYA, MENDE HUPENDA VIKAPU.

Sikutaja mtu. Mimi nina maadili ya uandishi. Mtaalamu mwenyewe ni mimi.

Nimebandika zahanati, nimebandika dukani, na nakala moja imejikuta kwenye geti la Mama Vikapu, sijui ilifikaje. Kisha nikajificha nyuma ya nepi zilizoanikwa, nione.

Mchana. Nimeula wa chuya. Mama Vikapu kaisoma, kacheka mpaka kashika mbavu, kawaita wazazi wote. Katoa vikapu nje, kavipindua kimoja baada ya kingine juani. Hakuna hata unywele wa mende. Wazazi wakapiga makofi! Halafu mama mmoja aliyejaaliwa akili kupita kiasi akasema haki itendeke, na kituo cha pili kikaguliwe. Wakavuka barabara.

Sisi hatuna vikapu. Tuna boksi. Ndani ya boksi: soksi moja, nusu ya mkate ulioota manyoya, na mende. Mmoja tu! Tena mpole.

Watoto wawili wamehamishwa kabla hata ya usingizi wa mchana. Shangazi amenisimamisha katikati ya chumba, amenisomesha toleo maalumu kwa sauti kutoka juu hadi chini. Nilipofika kwa wataalamu akaniambia nirudie, hakusikia vizuri. Alisikia vizuri sana.

Jumatano, 5 Machi

Nimepata! Wazo limenijia nikiwa napiga mswaki, nikameza dawa yote.

Bibi Afisa hana haja na mende. Ana haja na nyenzo. Basi nitampa nyenzo! Kila mlezi anaijua ile saa ya balaa, saa ya kukusanya vitu vya kuchezea. Watoto waliokuwa wakisikia kofia ya chupa ikianguka chumba cha pili wanageuka viziwi ghafla. Mmoja anataka choo. Mwingine mguu umekufa. Mlezi anainama kuokota vyote peke yake, na kiuno ndiyo hicho kinakwenda. Nimetunga dawa. Nimetunga wimbo!

Kina kwao, kina kwao,
kila kitu kina kwao.
Okota, peleka,
usikiache njiani.

Nikaujaribu hapo hapo. Ajabu! Watoto wakanyanyuka wote. Kila mmoja akashika kilichokuwa karibu, akakitia ndani ya chochote kilichokuwa wazi. Gari ndani ya boksi. Boksi ndani ya beseni. Kiatu changu, bado natafuta. Hata Kijiko alisimama! Kijiko ni binti wa miaka mitatu, jina hilo tumempa sisi, kwa sababu tangu siku ya kwanza alipoachwa mlangoni ana kijiko mkononi. Analala nacho. Anaoga nacho. Ukikigusa, mtaa mzima unajua. Hakukitoa, la hasha. Lakini alikipunga kwa mapigo ya wimbo.

Shangazi akaja kusimama mlangoni. Akasema wimbo huo si mbaya. Shangazi! Kasema si mbaya! Nilitaka kumkumbatia lakini alikuwa ameshika nepi.

Nimeuchapa papo hapo chini ya kichwa Nyenzo ya Wiki, nimeutuma na kwenye kundi la simu la walezi kwa laini mpya wasiyoijua, nimejirekodi nikiimba. Ikaja shida ya sahihi. Kuweka jina langu kungekuwa kujisifu. Mtu mkubwa hutafutwa, hajitangazi. Nikatia sahihi: Mlezi Mnyenyekevu. Ijumaa, mbele ya watu wote, Bibi Afisa atauliza ni nani huyu, nami nitainuka polepole, macho chini. Nimefanya mazoezi kwenye kioo. Kuinamisha macho huku unaona nani anakutazama si kazi ndogo.

Alhamisi, 6 Machi

Wimbo umeshika kata nzima! Nimepita mitaani asubuhi na masikio yangu mwenyewe. Karibu na kiwanda cha sabuni wanaimba. Mtaa wa juu wanaimba huku wanajikuna. Bibi Afisa ameandika kwenye kundi kwamba ana hamu kubwa ya kumjua huyo Mlezi Mnyenyekevu. Nimeusoma ujumbe huo mpaka simu ikaisha chaji. Nikaichaji, nikausoma tena.

Halafu nikasikia sauti ng'ambo ya barabara. Mama Vikapu naye anaimba. Sauti, nikubali tu, tamu kuliko yangu. Tena kaongeza ubeti!

Tazama picha, tazama picha,
picha ndiyo mlango wao.

Watoto wake sasa hawatii vitu popote tu. Wanatazama picha kwanza. Nimewaona kwa macho yangu dirishani kwake, mpaka mmoja akanipungia mkono ikabidi nijifanye natafuta kuku. Huu ni wizi! Wimbo wangu mwenyewe, kaupeleka vikapuni!

Nilikaa nimeshika tama. Kisha nikaruka. Mpango!

Kesho, Bibi Afisa akianza kuisogelea meza ya Mama Vikapu, mimi nitaimba. Kwa sauti ndogo, ya mbu. Watoto wake watakusanya kila kitu kabla bibi hajafika. Meza tupu, kama imekodishwa! Ndipo ageukie ya kwetu, imejaa mpaka vitu vinaning'inia. Nimeshaazima vitu: vifungo vya fundi cherehani kwa ajili ya kuhesabia, miiko ya mpishi iwe ngoma, redio ya shangazi (hana habari), na baiskeli ya miguu mitatu ya mtoto wa binamu yangu. Kulikuwa na kilio kikubwa. Mtoto alikubali, binamu ndiye aliyelia.

Watoto wetu nimewapa semina. Nimewaambia kesho wimbo si wetu, wakiusikia wakae kitako. Wakasema ndiyo. Nikawauliza nimesema nini. Wakasema ndiyo. Tuko tayari.

Wakati wa kufunga nimemkuta shangazi kwenye chumba cha nyuma. Anafuta ukuta ambao ulikuwa safi. Kasema hapa ndipo walipokuwa wanalala wale wa kunyonya, na wa kwanza kabisa kulazwa hapa nilikuwa mimi, niliyeachwa kwa siku moja tu na sikuchukuliwa mpaka leo. Akacheka. Mimi sikuweza. Nilitoka nje nikajifanya nakagua kamba ya nepi. Kesho sharti tushinde.

Ijumaa, 7 Machi

Naandika nikiwa stoo ya ukumbi, kati ya fagio na viti vibovu, peku. Sitoki humu mpaka watu wote waishe.

Ilianza vizuri mno! Ukumbi umejaa. Sakafuni mikeka, kwa hiyo kila mgeni kavua viatu ukingoni. Watoto wa vituo vyote wamekaa katikati, wameshikana shati. Meza yetu inang'ara. Mwenyekiti wa kata kaisifu redio. Shangazi kaitazama redio, kisha kanitazama mimi. Mama Vikapu kavipanga vikapu vyake sakafuni mbele ya meza yake, vitupu, picha zimetazama watu, vitu vyote juu ya meza.

Bibi Afisa kapita meza ya kwanza. Ya pili. Kasimama kidogo, kaweka mkoba kitini, kavua miwani aifute, kaiweka kando atafute kitambaa. Anayefuata ni Mama Vikapu. Nikafunika mdomo kwa Mlezi Macho, nikaimba.

Kina kwao, kina kwao.

Nilikuwa nimesahau kitu kimoja kidogo. Wimbo huu nilikuwa nimeipa kata nzima.

Wakasimama wote. Wote! Wa kwetu, wa kiwanda cha sabuni, hata wa mtaa wa juu wenye madoa ya dawa. Ukumbi mzima ukaimba kwa sauti moja na ukaanza kukusanya. Mkoba wa Bibi Afisa ukaondoka. Miwani ikaondoka. Kofia ya mwenyekiti wa kata ikavuliwa na watoto wawili waliobebana. Viatu vya wageni vikaenda kikapu cha kiatu, tena wakavioanisha! Meza yetu walikuja kama nzige. Vifungo, miiko, redio ikiwa inaongea, baiskeli imebebwa na watu sita wafupi. Na vyote vilikwenda wapi? Vikapuni kwa Mama Vikapu! Ndivyo vilivyokuwa wazi, na ubeti wa pili ulikuwa umeshaenea kundini kama wa kwanza, wote waliujua. Baiskeli haikuingia, wakaiegemeza kwenye kikapu cha picha ya gari na kuifunika kwa kofia ya mwenyekiti.

Nilijaribu kuzuia. Nikapaza sauti nikisema acheni. Mtoto mmoja akanitazama, akanishika kidole, akanivuta mpaka kikapu cha wanasesere.

Wimbo ukaisha. Bibi Afisa peku, bila miwani, kakunja uso, kakodoa macho. Akauliza kwa sauti nzito: nani ameuleta wimbo huu?

Ee shajara yangu. Uso ule! Nikajua tumekwisha, tutafungiwa, tutafungwa. Kidole changu kikanyooka chenyewe. Nikasema ni Mama Vikapu! Ni yeye, nikasema, kila mtu anajua, naapa kwa nyanya yangu mzaa baba!

Mama Vikapu akasema hapana, jamani, si yeye. Nikasema ni yeye. Akasema yeye kaongeza maneno machache tu. Nikasema anaficha!

Hapo Kijiko akapita katikati ya watu. Peke yake. Akatembea mpaka kwenye kikapu cha picha ya sahani, akasimama, akaitazama picha muda mrefu. Akaweka kijiko chake ndani. Akajipangusa mikono, akarudi kukaa kitako. Hakulia! Shangazi akashika mdomo, machozi yakamtoka bila kificho, na mimi vilevile, kwa sababu tofauti.

Bibi Afisa akaanza kucheka. Kumbe hakukasirika! Kumbe bila miwani ndivyo anavyotazama! Akasema tangu aanze kazi hii hajaona watoto wa vituo tofauti wakifanya jambo moja pamoja bila kofi na bila pipi. Akasema vikaragosi na farasi ni vifaa, lakini kifaa chenyewe ni huu wimbo. Mwenye wimbo ndiye atakayekabidhiwa vyote.

Nikaruka mbele. Nikasema ni mimi! Mlezi Mnyenyekevu ni mimi! Nilisahau hata kuinamisha macho.

Watu wakaangua kicheko. Bibi Afisa akanipigapiga bega. Akasema mnyenyekevu huwa anazikana sifa, kama huyu mama, na si kuzirukia peku peku. Mama Vikapu akaapa tena kwamba si wake. Bibi Afisa akageukia watu akasema, mnaona? Vifaa anakabidhiwa yeye. Kadiri alivyokana ndivyo alivyoshangiliwa.

Shangazi hajanisemesha. Nasikia sauti yake huko nje anatafuta redio.

Jumamosi, 8 Machi

Maajabu hayaishi!

Asubuhi nilikuwa nimejifunika shuka gubigubi, naaga dunia, mlango ukagongwa. Mama Vikapu. Hakuja kunicheka. Kaja kwa shangazi. Akamwita dada, akasema kwake hakuna pa kuweka hata tofali moja, vikapu vimejaa mpaka chini ya kitanda, na kusikia kwake ni kwamba hapa kuna chumba cha nyuma. Akauliza kama shangazi atakubali vifaa vikae humo, yeye avitunze, na watoto wa pande zote mbili wawe wanavuka barabara kuja kucheza. Bibi Afisa amekwisha kubali. Na wale waliohama, akasema, warudi tu, kwake hawana hata pa kunyoosha miguu.

Shangazi akainuka. Alikwenda kufungua mlango wa chumba cha nyuma, akaufungua wote, mpaka ukagonga ukuta. Kisha akarudi akamshika Mama Vikapu mikono yote miwili, wakasimama hivyo wanacheka na kulia. Hafungi kituo! Hafungi! Nilirusha shuka juu nikacheza nalo sebuleni mpaka nikajikwaa kwenye gari la upande mmoja.

Mama Vikapu akaninong'oneza kwamba anajua fika wimbo ni wa nani, sauti ile ya kwenye simu, kama ya mbuzi mwenye mafua, ni moja tu kata nzima. Akasema amejaribu kusema kweli mara tatu na wa kumzuia nilikuwa mimi. Kisha akatabasamu. Sasa naona kwamba hana lake jambo. Hilo ndilo linaloudhi.

Mchana gari limeleta vifaa. Farasi ana mkia wa kweli! Kijiko kapewa ngoma, kaipiga kidogo, halafu kaenda kuchungulia kikapu cha sahani kama kijiko chake hakijambo. Hakijambo. Mama Vikapu kabandika picha kila mahali. Penye farasi, farasi. Penye vitabu, kitabu. Kwenye kona ya ufagio na beseni la nepi kabandika mtu mwenye sikio moja kubwa na kalamu. Watoto walipoimba wakanikokota wote mpaka pale. Shangazi alicheka hadi akakaa chini.

Jumapili, 9 Machi

Siku ya kupumzika. Nimetafakari sana. Makosa yangu nimeyaona.

Kosa lilikuwa moja: wimbo haukufaa. Wimbo wa kukusanya unawaamsha watu. Ulitakiwa wimbo wa kulaza!

Nimeutunga tayari. Mtulivu, unashuka kama ngazi. Jumatano Mama Vikapu atasoma taarifa ya vifaa mbele ya Bibi Afisa na walezi wote. Akifika katikati, mimi naimba, kwa sauti ndogo, ya mbu. Ukumbi mzima unalala, yeye wa kwanza. Wanapoamka wananikuta nimesimama wima, peke yangu macho, namalizia kusoma taarifa. Mtunza vifaa atakuwa nani baada ya hapo? Jibu liko wazi!

Nimeujaribu mara moja. Nimeamka saa nane mchana na wino shavuni. Una nguvu huu! Umekwisha kwenda kwenye kundi la simu ili kata nzima iuzoee mapema. Safari hii hakuna atakayemdhania Mama Vikapu. Nimetia sahihi nyingine kabisa: Mlezi Mnyenyekevu Zaidi.